Kanuni Iliyobaki Uani

Kabla ya kupambazuka, kifuniko cha sufuria kiligonga ukingo mara moja, kisha kikashikwa upesi kisigonge tena. Marcella alifumbua macho. Upande wa pili wa ukuta wa mabati, muuguzi Dorine alikuwa akipika uji kwa kunyata, ili mgeni wake alale dakika chache zaidi.

Marcella hakulala tena. Alikunja blanketi aliloazimwa, akaenda kuketi mezani na daftari lake. Alikuwa sajini wa mawasiliano katika polisi kwa miaka ishirini na mitatu. Sasa amestaafu, na watu humwita pale mashine inaposema hivi na binadamu anasema vile. Safari hii alikuwa ameitwa na kamati ya ambulensi ya akina mama, inayohudumia zahanati za kando ya ziwa upande wa Migori. Kamati ingekutana saa nane mchana wa Ijumaa hiyo. Barua ya kumfukuza kazi dereva Nyamhanga na kumkabidhi kwa polisi ilikuwa tayari. Ilingoja sahihi tu.

"Oyawore, mama," Dorine alisalimu, akaweka kikombe cha uji mezani.

"Oyawore ahinya. Keti, sista. Nieleze tena mambo ya Jumatano. Ulibonyeza kengele ya kuita ambulensi saa ngapi?"

"Saa tisa na dakika kumi mchana. Moraa alikuwa anapoteza damu, na mtoto bado. Nikabonyeza. Kifaa kikaandika: Imepokelewa."

"Mara moja?"

"Mara tatu. Na mara zote tatu, Imepokelewa."

"Hukumpigia dereva simu?"

Dorine alicheka bila furaha. "Hapa Muhuru Bay simu ikitaka inaenda Tanzania yenyewe. Siku hiyo ilishika mnara wa ng'ambo, ikakataa kutoka. Nilikimbia mpaka juu ya ule mwamba, bado ikakataa."

Aliendelea kueleza. Walingoja dakika arobaini. Kisha Bichage, mfanyabiashara wa omena, wale dagaa wa ziwani, akashusha magunia kumi na moja kando ya barabara, akatandika godoro nyuma ya pikapu yake, wakampakia Moraa. Wanawake wa ufuoni waliyalinda magunia yale hadi kesho yake, lisipotee hata moja. Moraa alifika Migori. Yeye na binti yake walikuwa hai.

Marcella aliandika habari ya magunia pia, ingawa haikuwa ushahidi.

"Sasa niambie ya Nyamhanga."

"Tulipita mbele ya boma lake. Ambulensi iko pale, naye anaiosha. Mama, anaosha! Na ndoo na sabuni! Akatuona, akatupungia mkono. Hatukusimama, damu ilikuwa haingoji." Dorine aligeukia dirishani. "Miaka sita tumefanya kazi pamoja. Tangu siku hiyo sijamsalimu."

"Alipunga vipi?"

"Vipi tena? Hivi." Aliinua mkono juu kabisa. "Na anacheka, kama kawaida yake."

Marcella aliandika neno moja, *Alipunga*, akalipigia mstari.

* * *

Nyamhanga aliishi nusu saa kutoka zahanati, kwenye barabara ya kwenda Migori. Ambulensi ilikuwa uani mwake, lakini funguo zilikuwa zimechukuliwa na kamati. Alikuwa mtu mrefu wa miaka hamsini. Alisimama alipomwona Marcella, akamfukuza kuku kwenye kiti na kukipangusa kwa kiganja.

"Karibu, afande."

"Nilishaacha uafande. Umelala?"

"Kidogo. Sokoni wananiita Sabuni sasa. 'Sabuni, umeamka?' 'Sabuni, gari limetakata?'" Alijaribu kucheka. "Miaka kumi na mmoja ninabeba wake zao."

Mkewe, Nyakerario, alileta chai, akaweka kikombe kikubwa mbele ya mgeni na kidogo mbele ya mumewe.

"Nionyeshe kifaa," Marcella alisema.

Kilikuwa kifaa cha redio, ukubwa wa tofali dogo. Nyamhanga alikitoa kikiwa kimefungwa ndani ya sweta ya mtoto. Marcella aliitazama sweta ile. Ilitajwa katika taarifa ya kamati: *Dereva hufunika kifaa kisimsumbue.*

"Kwa nini unakifunga?"

"Vumbi la omena, Madam. Linaingia kila mahali. Hata kwenye meno."

"Kiache hivyo hivyo. Usikifungue."

Aliingiza kidole chini ya sufu, akabonyeza kitufe cha majaribio. Kengele ililia kwa nguvu hata kuku wakatawanyika, na mtoto wa jirani akaanza kulia nyuma ya ua. Marcella alizima, akaandika: *Sweta si sababu.*

Kisha akasoma kumbukumbu za kifaa. Kilikuwa kimewashwa tangu Jumatatu. Jumatano, saa sita na nusu mchana, ofisi ya Homa Bay inayopitisha kengele ilikitumia salamu ya majaribio, nacho kikaitika. Baada ya hapo hapakuwa na kitu. Saa tisa ilikuwa tupu kabisa.

"Mzee Elijah anasema kifaa kikiitika salamu, kinaitika na kengele," alisema. Elijah alikuwa mwenyekiti wa kamati.

"Na mimi ningesema hivyo hivyo, kama huyo dereva asingekuwa mimi."

"Mnara je?"

"Si nasikia ni ule ule wa bohari la barafu?"

Ni kweli. Jana yake Marcella alikuwa amepita kwenye bohari la barafu la wavuvi. Walitumia mnara ule ule, na ujumbe wao wa saa tisa Jumatano uliwafikia bila shida. Mnara nao haukuwa na kosa.

"Ulipoiona pikapu ya Bichage, ulijua imebeba nini?"

"Nilimwona sista mbele. Nikadhani anaenda Migori kuchukua dawa. Nikampungia. Hakunijibu. Nikasema, leo sista ana haraka." Alisugua magoti yake. "Kama ningejua, Madam, ningelikimbiza lile gari hata kwa miguu."

Marcella alifunga daftari. Mtu aliyepuuza kengele hasimami kando ya barabara na kumpungia mkono aliyempigia kengele hiyo. Lakini kamati haingekubali mkono uliopungwa. Ingetaka mahali ujumbe ulipopotelea.

"Ujumbe uliondoka Muhuru Bay," alisema. "Homa Bay ikaupokea. Kwako haukufika. Basi umefia Homa Bay, na huko ndiko ninakoenda."

Nyakerario alimsindikiza hadi kwenye gari lake dogo. Alimpa ndizi nne ndani ya gazeti.

* * *

Ofisi ilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya duka la viatu. Kampuni ilikuwa ndogo: mashine moja, kipoza hewa kimoja, na fundi mmoja wa zamu, jina lake Byron. Alikuwa na miaka ishirini na minane, mzaliwa wa Lambwe. Alipoona Marcella anajikunja kwa baridi, alivua koti lake, akamvika mabegani kabla hajauliza amekuja kwa nini.

"Seva ni hii moja?"

"Moja, Madam. Lakini ndani yake kuna vyumba vinne. Kila mteja ana chake. Chumba kina milango yake, anwani zake na kanuni zake za njia. Aliye chumba kimoja haoni cha mwenzake."

"Na sisi tukikaa hapa kwenye kibodi tuko wapi?"

"Nje ya vyumba vyote. Tuseme uani."

"Nieleze chumba cha ambulensi."

Byron alichora kwa kidole juu ya meza. "Kina milango miwili. Wa kwanza unatoka kwenye intaneti ya kawaida. Zahanati zinaingilia huo, na zinajibiwa kwa huo. Mlango wa pili unatoka kwenye redio, mpaka kwa madereva. Kuna kanuni inayosema: ujumbe wowote wenye anwani ya kengele utoke kwa mlango wa redio. Mwingine wote utoke kwa mlango wa kawaida."

"Na ule wa kengele ukitoka kwa mlango wa kawaida?"

"Huko hakuna anayemjua dereva. Unapotea kimya."

"Wakati huo sista anaona nini?"

"Anaona Imepokelewa. Kwa sababu kweli chumba kimeupokea. Jibu lake linarudi kwa mlango wa kawaida, na huo uko sawa."

Marcella aliandika polepole, mstari kwa mstari, kisha akamsomea. Byron alikubali kila mstari.

"Jumatano umeme ulipotea hapa?"

Fundi alishtuka. "Nani amekuambia?"

"Nakuuliza wewe."

"Ulipotea saa nne asubuhi, betri ikaisha, mashine ikazima. Ukarudi saa sita." Alivuta droo, akatoa daftari la shule. "Nimeandika yote. Oliver, aliyenitangulia, alikuwa ameiweka kanuni ya redio kwa mkono tu. Haikuwa kwenye orodha ya kuwasha mashine. Mashine ikizima, kanuni inafutika. Lakini aliacha maelezo, na mimi niliyasoma. Nikatazama, nikaona haipo. Nikaiandika upya. Saa sita na nusu nikapiga salamu kwa kifaa cha dereva. Kikaitika." Akaongeza kwa sauti ya chini, "Ndiyo maana nikaiambia kamati kwamba upande wetu ni mzima."

Kila dakika ilikuwa daftarini, kwa mwandiko wa mtu asiyeficha.

"Nionyeshe kanuni."

Byron alichapa. Mstari ukatokea. "Hiyo hapo. Haijaguswa tangu Jumatano."

Ilikuwapo kweli. Marcella alivaa miwani, akaisoma neno kwa neno hadi kwenye anwani.

"Anwani hii ni ya nani?"

"Ya kengele ya ambulensi."

"Hapo ulipo sasa, kuna anwani ngapi? Zitoe zote."

Byron alichapa tena. Zilitokea tatu. Marcella aliweka ncha ya kalamu karibu na skrini, akapita ya kwanza, ya pili, ya tatu.

"Siioni ya kengele."

"Haiwezi kuwa hapa, Madam. Iko ndani ya chumba."

"Mwenye anwani yuko chumbani."

"Ndiyo."

"Na kanuni yake iko wapi?"

Byron aliitazama skrini, akalitazama daftari lake, akaitazama skrini tena.

"Iko uani," alisema.

"Na ile salamu ya saa sita na nusu, uliipiga ukiwa wapi?"

"Uani." Alishika kichwa kwa mikono miwili. "Dereva aliniitikia mimi. Hakumwitikia aliye chumbani. Woi, mama yangu! Na yule mama angekufa!"

"Hakufa. Yuko Migori, ananyonyesha. Nijibu hili moja: kwa nini hukuingia chumbani?"

Byron alinyoosha kidole kwenye karatasi iliyobandikwa ubavuni mwa mashine. Ilikuwa imeandikwa kwa kalamu nene: *CHUMBA CHA UZAZI.*

"Mle kuna habari za akina mama, Madam. Nani ana mimba ya ngapi, nani anatokwa na damu. Oliver aliniambia nisiingie kama hakuna muuguzi. Na mimi nimelelewa na nyanya yangu, alikuwa mkunga. Kwetu mwanamume hakanyagi pale mama anapojifungua. Hata tukitumwa maji tulikuwa tunayaweka mlangoni, tunarudi. Sasa hii nayo... nikaona niifanyie kazi nikiwa mlangoni."

Marcella hakucheka.

"Nyanya yako alikulea vizuri," alisema. "Lakini maji yaliyoachwa mlangoni yanataka mtu wa ndani ayaingize. Mle hamkuwa na mtu. Sasa ni saa saba kasoro dakika kumi. Tumwite muuguzi."

* * *

Siku hiyo simu ya Dorine ilikuwa imekubali mnara wa Kenya. Kwa simu ya Byron, Marcella alimweleza kwa maneno machache, akaomba ruhusa yake.

"Ingia, mwanangu," Dorine alimwambia Byron. "Mimi niko hapa. Fumbia macho majina, fanya kazi."

Byron aliingia chumbani. Alitoa orodha ya kanuni. Zilikuwapo zile tu ambazo kila chumba huzaliwa nazo. Ya redio haikuwapo. Vidole vyake vilikimbilia kibodi, lakini Marcella akamshika mkono.

"Usitengeneze. Kwanza tuione ikikosea. Kamati itauliza tumejuaje."

"Basi nitakiuliza chumba chenyewe," Byron alisema. Alichapa swali: ujumbe wenye anwani ya kengele, ukienda kwa dereva, utatoka mlango gani? Mashine ikajibu: wa kawaida. Marcella alipiga picha ya skrini pamoja na saa ya ukutani.

"Sasa sikiliza kwenye milango yote miwili. Sista, bonyeza."

"Nimebonyeza. Imepokelewa."

Kwenye mlango wa redio hakukupita kitu. Kwenye mlango wa kawaida mstari mmoja ulipita, ukapotelea huko.

"Tena."

"Imepokelewa."

Ikawa vile vile. Na mara ya tatu vile vile.

"Tatu," Marcella alisema. "Kama Jumatano. Haya sasa, andika kanuni. Ukiwa humo humo ndani."

Byron aliandika. Alikiuliza chumba swali lile lile. Jibu likabadilika: mlango wa redio. Marcella alipiga picha ya pili. Kisha Byron, bila kuambiwa, aliingiza kanuni kwenye orodha ya kuwasha, mahali panapohusu chumba kile. Alikizima chumba chote, akakiwasha upya, akatazama tena. Kanuni ilikuwapo.

"Hilo sikukuomba," Marcella alisema.

"Umeme utapotea tena, Madam. Hii ni Homa Bay."

Byron aliunganisha simu ya tatu. Nyakerario aliipokea, akampa mumewe.

"Nyamhanga, kifaa kiko wapi?"

"Mbele yangu, afande. Kwenye sweta."

"Usikiguse. Sista, bonyeza mara moja."

Walisikia Dorine akivuta pumzi. Walisikia kuku, na pikipiki ikipita mbali. Kisha kengele ikalia, ikajaza simu zote tatu na chumba kile chenye baridi, na hakuna aliyetaka kuizima. Nyakerario alipiga kigelegele. Byron aligeukia ukutani, akajifuta uso kwa mkono wa shati.

"Inalia," Nyamhanga alisema, kana kwamba wengine hawakusikia. "Inalia, afande."

Ilikuwa saa nane kasoro dakika kumi. Marcella alichukua simu yake mwenyewe, akampigia mwenyekiti.

"Mzee Elijah, umeshatia sahihi?"

"Kalamu iko mkononi. Tunangoja watu wawili."

"Iweke chini. Kengele haikumfikia dereva. Ilitoka mlango usio wake hapa Homa Bay. Nina picha, nina saa, nina majaribio matatu ya kabla na moja la baada. Sista alibonyeza kweli, na dereva hakusikia kweli. Hata ungemweka dereva mwingine leo, naye asingesikia."

"Kwa hiyo aliyekosa ni huyo fundi. Tuandike barua yake?"

Byron alikuwa amesimama wima kando ya mashine. Alikuwa amesikia.

"Fundi aliandika kanuni sahihi mahali pasipo na mtu wa kuitii," Marcella alisema. "Akaandika kila alichofanya, dakika kwa dakika, akanipa kabla sijaomba. Bila daftari lake ningekuwa bado natazama sweta ya mtoto. Mfukuze, na atakayekuja baada yake ataficha lake."

"Na mama aliyeteseka je?"

"Huyo aombwe msamaha, na kamati nzima iende. Fundi ataenda nanyi." Byron aliitikia kwa kichwa, mara mbili.

Mzee Elijah alishusha pumzi ndefu. "Nilikuwa silali, Marcella. Nyamhanga ndiye aliyembeba binti yangu kwenda kujifungua. Nilikuwa naandika ile barua mkono unakataa. Unasikia hii?" Karatasi ilichanika karibu na simu, ikachanika tena. "Funguo naziweka kwenye bodaboda sasa hivi. Nitampigia mwenyewe."

Marcella alikata. Alivua koti la Byron, akamrudishia, akamgawia ndizi mbili. Walikula wamesimama. Simu ya Byron ilikuwa bado wazi mezani. Huko Muhuru Bay na kwenye boma la Nyamhanga hakuna aliyekuwa amekata.

"Sista," sauti ya Nyamhanga ilisikika mwishowe. "Ni mimi."

"Najua ni wewe."

"Uko salama?"

"Niko." Dorine alikohoa. "Nyamhanga, nilikuona na ile ndoo, nikasema moyoni maneno mabaya sana."

"Hata mimi ningeyasema. Mimi nilikuona umekunja uso, nikadhani jino linakuuma."

Dorine alicheka, kisha akaanza kulia. Marcella alinyoosha mkono kuikata simu, maana kazi yake hapo ilikuwa imekwisha, lakini sauti ya Nyakerario ikaingia kwanza.

"Sista Dorine, leta sikio. Haya ya kulia tutayamaliza tukikaa pamoja. Kesho ni Sabato. Ukitoka kanisani usipite na barabara tu kama hizi siku tatu. Njoo kwetu tena, kama zamani."